Hedifoni za Baba Mdogo

Hasira yangu na baba mdogo haijapoa, na sina mpango wa kuipoza. Watu wananiambia samehe, yule ni mzee wako. Sawa, mzee wangu. Lakini wao hawajawahi kukaa mbele ya miksa inayowaka nyekundu wakiwa wamefunga midomo kama wameshonwa.

Studio yangu ni chumba cha pili cha nyumba ninayopanga hapa Chapwa. Magodoro mawili ukutani, blanketi dirishani, maiki moja, na miksa ndogo niliyoinunua Nakonde ikiwa imeshatumika. Malori yanayosubiri kuvuka mpaka yanapiga honi mchana kutwa, kwa hiyo kurekodi huku ni kuvizia. Ukipata dakika tano za ukimya, mshukuru Mungu.

Mama alishuka kutoka Iyula Jumapili baada ya ibada. Alikuwa na tezi shingoni, imevimba mpaka kitambaa hakikuweza kuificha tena. Kesho yake alitakiwa hospitalini Mbeya kuikata, na daktari alishamwambia wazi kwamba sauti inaweza isirudi ilivyokuwa. Sauti ya mama! Yeye ndiye alikuwa akianzisha nyimbo kanisani kwetu tangu sijazaliwa. Kuna wimbo mmoja wa Kinyiha wa kumwombea anayesafiri, alifundishwa na bibi, na hakuna mwingine anayeujua wote. Nilitaka huo tu. Na kwa tezi ile, pumzi yake ilitosha kuuimba mara moja tu. Hilo tulilijua wote.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyemsindikiza. Kwetu mzee akiingia, kitu kizuri kilichomo ndani anapewa yeye: kiti chenye mgongo, nyama iliyonona. Chumbani kwangu kitu kizuri kilikuwa hedifoni, na nilikuwa nazo moja tu. Akazitazama weee.

"Binti yangu, na mimi nimsikie shemeji."

Ningefanyaje? Nikamvalisha kwa mikono miwili. Mjinga mimi, hadi goti nikapiga.

Ndipo nikapima sauti. Nilimwomba mama aimbe mstari mmoja tu, ule wa juu kabisa, nikazungusha kidude cha maiki mpaka taa zikapanda kijani, zikagusa njano, zikaishia hapo. Nikamwambia, "Mama, ikiwaka nyekundu tunasimama." Akaitikia kwa kichwa. Baba mdogo hakusikia kitu, masikio yameshazibwa.

Mama akaanza. Barabarani kimya, hata honi moja hakuna. Ubeti wa kwanza ukapita salama.

Sasa, baba mdogo ameendesha mashine ya kusaga miaka na miaka, masikio yake yamekufa nusu. Akaona sauti haimtoshi. Kidude cha kuongeza sauti ya hedifoni kipo pembeni kabisa, na kimechorwa picha ya hedifoni! Yeye akashika cha maiki. Akakizungusha kama anafungua bomba. Nyekundu ikawaka. Akatabasamu, akazungusha tena.

Nyekundu maana yake sauti inaingia kubwa kuliko mashine inavyoweza kubeba. Inapasuka, na ikishapasuka hakuna fundi wa kuirudisha. Nilijua. Mkono wangu ulifika nusu ya njia. Lakini kuushika mkono wa baba yangu mdogo, niuondoe kwenye kitu alichokishika, mbele ya mama? Nikaurudisha mapajani. Nikajidanganya kwamba labda ni taa tu, maana mama nilimsikia pale chumbani anaimba vizuri, na kinachoingia kwenye mashine alikuwa anakisikia yeye mwenye hedifoni. Beti tatu! Jamani, beti tatu nimekaa natazama taa.

Wimbo ulipoisha akavua hedifoni. "Hapo sasa! Imetoka nzito."

Nikavaa mimi. Ubeti wa kwanza, mama. Baada ya hapo, bisi zinarukaruka ndani ya debe. Nikamwomba mama arudie. Akashika shingo, akafungua mdomo, ikatoka pumzi tupu.

"Kwani imeharibika?" baba mdogo akauliza. "Hizi mashine za mtumba bwana, matatizo."

Za mtumba! Nilitamani nimrushie hiyo mashine. Badala yake nikasema, "Ndiyo, baba," nikaenda kuinjika chai.

Tezi ilitolewa salama, tunashukuru. Sauti ndiyo haikurudi. Mama sasa anaongea kwa mkwaruzo, na kanisani anakaa benchi la nyuma.

Mwezi uliopita alikuja akataka kuusikia wimbo. Nilimkwepa, akakazana. Nikamwekea. Ubeti wa kwanza alifumba macho, midomo inaufuata. Bisi zilipoanza akayafumbua.

"Ile taa uliiona?"

"Niliiona, mama."

"Hata mimi niliiona."

Nikapandisha hasira. Nikaanza kumsema baba mdogo, masikio yake, kiherehere chake, mkono wake usiotulia. Mama akanisubiri nimalize. Siku hizi anasubiri kila mtu amalize, maana hawezi tena kupaza sauti kumzidi mtu.

"Nilikuona umenyoosha mkono," akasema. "Nikajua unamzuia, ndiyo maana nikafumba macho nikaendelea. Ningejua unaogopa, mwanangu, ningenyamaza nibakize pumzi."