Lori la Kijani la Kitwana

Shemeji yangu Kitwana Pazi, aliyemuoa dada yangu Mwanaamina, alikuwa mtu wa kuugua kwa wakati wake. Vita vya Kagera vilipoanza na vijana wa Maneromango wakawa wanaitwa, mguu wake wa kulia uliingia baridi yabisi. Akashika mkongojo, akawa anaguna kila hatua mpaka msikitini. Vita vilipokwisha mguu nao ukapona, na ule mkongojo ukawa wa kuangulia machungwa. Watu walicheka pembeni, hakuna aliyemwambia kitu, kwa sababu sabuni ilikuwa kwake.

Ndivyo alivyoishi. Alikuwa kwenye kamati ya duka la kijiji, na bidhaa zikiletwa kutoka Kisarawe ili zigawiwe kwa kila kaya, nyingine zilifika dukani, nyingine zililala kwake. Mkutanoni alisimama akahutubia juu ya ujamaa na kujitegemea mpaka mate yakamkauka. Akirudi nyumbani anamuuzia mjane kipande cha sabuni kwa kuku mzima, na kuku mwenyewe anamkagua kwanza kama amenona. Mimi ni dereva, nimepakia watu wa kila namna, lakini mtu mdogo kama yule ndani ya kanzu kubwa kama ile sijapata kumuona.

Mwaka themanini na tatu akasikia kuna kambi huko Tabora inapiga mnada magari ya jeshi yaliyochoka. Akataka lori la kupeleka machungwa na kuni Dar es Salaam, na kwa hilo alikuwa amejiandaa siku nyingi. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na banda la makuti, na humo, nyuma ya magunia ya sukari, alificha matairi mapya ambayo bado yana karatasi zake za dukani, na mapipa ya dizeli. Siku hizo mtu aliweza kuwa na lori akakosa tairi, akabaki kulitazama mpaka likaota kutu. Kwa hiyo mpango wake ulikuwa mmoja tu: lori lijikokote kwa namna yoyote mpaka nyumbani, livishwe matairi, linyweshwe dizeli, na yeye awe tajiri. Bila banda lile lori lilikuwa chuma chakavu, na hilo alilijua vizuri.

Tulipokuwa tunaondoka, redio ilikuwa haina habari nyingine ila msako wa walanguzi. Magari ya kijani ya askari yalikuwa yanazunguka huku na huku, na watu waliokutwa na mali za kuficha walikamatwa. Kitwana alimuita mkewe barazani, mbele yangu.

"Ukiona gari la kijani linakuja huku, usingoje kuuliza ni nani. Tupa kila kitu. Umesikia? Kila kitu."

Dada yangu akasema amesikia. Miaka yote ya ndoa ile ilikuwa imemfundisha kufanya neno analoambiwa, bila kupunguza wala kuongeza, maana kinyume chake alikwisha kukiona.

Lori tulilipata. Lilikuwa limerudi kutoka Uganda na matairi yaliyochanika mpaka nyuzi zinaonekana, na boneti imefungwa kwa waya. Afande aliyetukabidhi alimpa Kitwana kopo la rangi nyeupe, akamwambia asilitie barabarani kabla hajalipaka, kwa kuwa raia hana ruhusa ya kutembea na rangi ya jeshi. Kitwana akaitikia ndiyo afande, ndiyo afande. Tulipotoka getini alifuta namba za jeshi za mlangoni kwa tambara lenye rangi, kisha akalisukuma kopo chini ya kiti. Eti atalipaka nyumbani kwa nafasi. Sokoni akanunua kofia ya kaki, akajitazama kwenye kioo cha pembeni, na hapo nikaelewa kwa nini rangi haina haraka.

Njiani aligundua jambo lililomharibu kabisa: watu walimwogopa. Tukiingia penye gulio, wanawake wanakusanya vitu vyao pamoja na mikeka, wanaume wanaingia ndani na kufunga milango. Kitwana alinitaka nipunguze mwendo ili aone vizuri. Dodoma aliketi wima. Morogoro alianza kuongea kwa sauti nzito ambayo si yake. Darajani Ruvu, ambapo tairi moja lilipasuka tukafunga la akiba lililokuwa bovu zaidi, mzee mmoja mwenye baiskeli alituona tumesimama, akafungua mfuko wake akamwaga sukari yote mtoni. Huenda ilikuwa sukari ya hitima ya mtu. Kitwana alicheka mpaka akafuta machozi kwa ile kofia.

"Walanguzi hawa," akaniambia. "Tazama wanavyotapatapa."

Nikamwangalia nione kama anatania. Hakuwa anatania. Nilimchukia pale kuliko siku zote, na nilikuwa nimeanza zamani.

Kibaha mlinzi wa kizuizi aliinua mti akapiga saluti. Kitwana akamjibu kwa mkono wa kushoto. Mlinzi akatutazama kidogo, nafikiri akaona mvua imekuwa kubwa mno kwa maswali, akarudi kibandani kwake. Kuanzia hapo mpaka tunapanda Pugu shemeji yangu alinieleza jinsi ambavyo angekuwa kapteni, isingekuwa ule mguu.

Baada ya Kisarawe lami ikawa hadithi. Masika yalikuwa yamepamba moto, barabara imekuwa uji, na mshale wa mafuta umelala chini kabisa. Tulipokaribia nyumbani, kijiji kimoja kabla ya Maneromango, tuliwakuta watu wawili wamejikinga mvua chini ya upenu wa duka: mwanamume mwenye baiskeli na mwanamke mwenye kapu la mihogo. Kitwana akashusha kofia mpaka kwenye nyusi. Nilimwambia, shemeji, acha. Akafungua kioo kiasi cha vidole.

"Mlanguzi Kitwana Pazi anakaa wapi?"

Alitaka aone watu wanavyotetemeka kwa jina lake. Mwenye baiskeli akatabasamu meno yote. Akaeleza njia, akaeleza nyumba ya bati, kisha akasogea karibu zaidi ili tusije tukakosea. "Msiishie sebuleni, afande. Banda la nyuma, lile la makuti. Na yeye mwenyewe akijifanya mgonjwa, msimsikilize."

Kitwana akapandisha kioo taratibu, uso umemshuka. Hakumtazama yule mwanamke hata kidogo. Mimi nilimtambua. Alikuwa Zubeda; yeye alipojifungua, dada yangu alimpa sabuni na sukari kwa siri, bila kuku wala senti. Nilimuona akitua kapu lake na kuingia kwenye mikorosho, upande wa njia ya mkato ya Maneromango. Nikatia gia.

Bondeni, karibu kabisa na kwetu, lori lilizama. Matairi yale hayakuwa na cha kushikia, yakazunguka tu yakirusha matope. Nikamwambia Kitwana ateremke tuchimbe. Akasema mguu umeanza tena. Basi nilichimba peke yangu, nikakata matawi nikayatandika, naye ameketi juu akinielekeza kwa kidole pa kuchimba. Muda ule ulimtosha mtu kuhamisha nyumba nzima.

Nilipoinua mgongo nipumzike, niliona kitu kinakuja na maji ya kijito kilichofurika, kinazama na kuibuka. Lilikuwa tairi kubwa la lori, jipya, na karatasi yake bado imeling'ang'ania. Kitwana naye akaliona. Akatoa kichwa dirishani akacheka.

"Mjinga gani huyo huko juu anatupa mali?"

Nikaendelea kuchimba. Lilipopita la pili, aliacha kucheka. La tatu lilipopita aliteremka kwenye matope kwa miguu yote miwili, akaanza kukimbia kupanda kilima, na mguu haukumsumbua hata kidogo.

Nililitoa lori nikamfuata. Lilifika uani kwake likakohoa, likazima lenyewe. Mwanaamina alikuwa amekaa barazani na binti yake Mwanakheri, nguo zimelowa mpaka kiunoni, na uwanja mzima unanuka dizeli. Banda lilikuwa wazi, tena limefagiliwa. Kitwana alikuwa anauliza kitu kimoja kimoja, naye anamjibu bila kuinua sauti. Matairi yako mtoni. Sukari iko mtoni. Dizeli wameimwaga chooni, mapipa wameyaviringisha korongoni.

"Baba Mwanakheri," akasema, "uliniambia nisingoje kuuliza ni nani. Sikungoja."

Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kujaa, na yule mwenye baiskeli alikuwa mbele, amekuja kuona mlanguzi anavyotiwa pingu. Akamwona Kitwana, akaiona kofia, akaliona lori. Alikuwa wa kwanza kucheka, kisha wote wakacheka, hata wale wajane wa kuku. Nilicheka nami, na sijutii.

Lori halikutoka pale tena. Dada yangu alianika mihogo juu ya boneti yake mpaka boneti ikaoza kwa kutu, na kuku walitagia kwenye kiti cha Kitwana. Siku ile, hata hivyo, yeye alikuwa bado na matumaini. Alinivuta pembeni, mbali na watu, akanisihi niingie mtoni nikamtafutie japo tairi moja kabla maji hayajalipeleka mbali.

Nikamwambia ningependa sana, shemeji, ila mguu wangu wa kulia umeingia baridi yabisi.