Miti Tuliyoitoa Chini ya Daraja

Wakati lile daraja kubwa la Kigongo likijengwa, nilikwenda kulitazama kama wengine wanavyokwenda kutazama mpira. Wenzangu walisifu nguzo kuu. Mimi nilitazama vyuma vya muda, vile vinavyoshikilia kazi changa kisha vikaondolewa. Daraja linalojengwa bado halibebi, linabebwa. Hilo nilikuwa nimeshafundishwa na jirani yangu, siku tulipomzika mumewe.

Hapa Mkolani tulikuwa tunajenga kidaraja cha miguu juu ya korongo, kwa michango na nguvu zetu wenyewe. Mwenyekiti wa kamati nilikuwa mimi. Zege la juu lilikuwa na siku chache tu, limeegemea mirunda, ile miti inayosimamishwa chini ya mbao mpaka zege likomae. Ndipo mume wa jirani yangu akafariki. Mvua zilikuwa zinanyesha, waombolezaji ni wengi, turubai moja halikutosha. Vijana wakaniuliza watapata wapi miti ya kusimamishia la pili. Nikaenda darajani, nikaligonga zege kwa ngumi, likalia kama jiwe.

"Chukueni ile ya darajani," nikasema. Msibani mtu hanyimwi kitu. Fundi wetu alikuwa amekwenda kwao Nansio. Sikumpigia hata simu.

Mjane alikuwa mkekani na wanawake wenzake. Katikati ya kilio akaona kitu ambacho sisi tuliosimama hatukukijali: miti ya turubai ilikuwa na madoa ya saruji. Akaniita.

"Shemeji, hii miti imetoka wapi?"

"Darajani."

"Na daraja limebaki limeshikwa na nini?"

"Limeshakauka, shemeji. Wewe lia, mengine tuachie sisi."

Akafuta machozi kwa kanga, wala hakulia tena.

Kesho yake tukatoka na jeneza. Kaburi lilikuwa ng'ambo ya korongo, kwenye shamba la ukoo. Tulipofika darajani, mjane aliwapita wabebaji, akageuka, akasimama akiwatazama.

"Hapa hapiti mtu. Tunashuka chini, kwenye mawe."

Kaka mkubwa wa marehemu akafoka. "Ndugu yangu apitishwe majini kama gunia la mihogo? Mwenyekiti, daraja si zima?"

"Zima kabisa," nikasema.

"Yeye ameshakufa, shemeji," mjane akamwambia. "Hawa wanaombeba bado."

Akakunja kanga hadi magotini, akaingia majini wa kwanza. Aliteleza, akainuka, akaendelea bila kutazama nyuma. Mwanamume mmoja alicheka. Wabebaji walitazamana, kisha wakamfuata. Hata yule kaka mtu alivua viatu, akinung'unika.

Mimi nikabaki juu. Nilikuwa na toroli lenye viti na sufuria za maji ya kunywa makaburini, nikasema ngoja niwaonyeshe. Jeneza lilikuwa limeshavuka. Sikufika katikati ya daraja. Nilisikia mlio kama wa muwa mkubwa unaovunjwa, mara nikawa korongoni, mguu umebanwa chini ya kipande cha zege, sufuria zinakwenda na maji. Kazi ya fundi haikuwa na kosa. Zege lilikuwa gumu kwa nje, bado changa kwa ndani, halijaweza kujibeba lenyewe, nami nililinyang'anya magongo yake. Wangepita pale wabebaji na ukoo mzima nyuma yao, tungechimba makaburi mengine.

Baada ya mazishi, watu waliporudi msibani, kaka wa marehemu alimwendea mjane, suruali bado inachuruzika maji.

"Mama, leo umetuzaa upya."

"Basi kaleni, ugali unapoa."

Kisha akanijia pale nilipokaa tangu vijana waliponitoa korongoni, mguu umefungwa vitambaa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka machache.

"Ningeua watu, shemeji."

"Ungeua," akasema. Akautazama mguu, akausogeza taratibu juu ya kigoda. "Fundi akirudi, mwambie wewe mwenyewe. Asisikie njiani akadhani ni kazi yake iliyoanguka."

Akarudi mkekani, akajifunika kanga. Hapo ndipo nilipomsikia akimlilia mumewe.