Nilikalia Mto wa Mkwe Wangu

Jamani, mkosaji ni mimi! Sikuvunja mlango wala sikupita dirishani. Nilinyoosha mkono mchana kweupe, nikachukua mto wa mtu asiyetembea, nikaukalia mimi. Tena mwenyewe alinipa kwa adabu.

Mume wa binti yangu, nimwite Sefu, alianguka kutoka juu ya lori la machungwa pale Segera, akaumia uti wa mgongo. Miguu haikurudi. Lakini baada ya miezi ya mazoezi hospitalini alikuja kwangu, hapa Korogwe, akiwa mtu kamili: anajihamisha mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, anashona sare za shule kwa cherehani ya mkono, anacheka kuliko sisi sote. Nikamwaga zege mlangoni apite na kiti chake. Nikajiona baba mkwe bora wilaya nzima!

Kiti kilikuja na mto mnene, laini ajabu. Mimi kiuno changu kiliishia kwenye kukata mkonge, shambani Ngombezi. Binti yangu alipokwenda Vugiri kumsaidia dada yake aliyejifungua, nikamwambia Sefu, "Mwanangu, mto huo mzuri kweli."

Akasita kidogo. "Chukua, baba. Mimi nitakunja blanketi."

Mkwe atamnyimaje baba mkwe? Wiki tatu nilisikiliza mpira redioni kama sultani!

Binti akarudi. Hata mzigo hakuutua.

"Baba, umekalia nini?"

"Mto."

"Wa nani?"

Nikauchomoa upesi. Akaingia ndani kumwangalia mumewe, akatoka analia. Sefu alikuwa na kidonda makalioni, kina chake cha kutisha! Damu alishaiona kwenye blanketi siku kadhaa, lakini mkwe anaanzaje kumtajia baba mkwe habari za makalio? Aliona afadhali afe!

Hospitalini nesi akanitazama. "Mzee, wewe ukikaa vibaya, makalio yanakuambia. Yake hayana hisia, hayasemi kitu. Ndiyo maana akapewa mto, na akafundishwa kujinyanyua mara kwa mara."

Lo! Nilitamani ardhi inimeze.

Miezi minne Sefu alilala kifudifudi. Mikono ikalegea. Wateja wakahamia kwa fundi mwingine. Kile kicheko kikazima. Yote aliyoyapata kwa jasho, nikayakalia mimi!

Alhamdulillahi, kidonda kimefunga na cherehani inalia tena. Wateja wanarudi mmoja mmoja. Juzi Sefu alinikabidhi mto alioushona kwa vipande vya vitenge. "Huu wako, baba. Ule mwingine ukiugusa, naita polisi!"

Aibu ya ukwe tumeizika. Cherehani ikilia muda mrefu bila kupumzika, napaza sauti kutoka barazani, "Sefu! Inua makalio!"

"Yameinuka, baba! Na yako je?"

Majirani hoi kwa kicheko. Wacheke tu. Kimya chetu ndicho kilichotaka kumuua.

Wazee wenzangu, mtu wenu akirudi kutoka mazoezini, ulizeni kila kifaa alichokuja nacho kinafanya kazi gani. Muulizeni pia mwilini kukoje, hata kama ni mkwe. Na akikupa mto wake kwa adabu, mrudishie kwa adabu. Wewe kakae kwenye ubao!