Skurubu Isiyo na Mkwaruzo

Nilipaswa kumwambia Koplo Juma kwamba baba hayupo, kisha nifunge mlango. Badala yake nilimkaribisha ndani. Hadi leo nikinusa mafuta ya kitani nasikia viatu vyake vizito vikielekea chumba cha nyuma, kule nyumbani kwetu mtaa wa Kibuli, miaka ile ya utawala wa jeshi. Baba alikipenda chumba hicho kuliko vyote. Kazi yake ilikuwa kutengeneza cherehani mjini, lakini Jumapili zake zote zilikuwa za bunduki moja, ile ya kuwindia aliyorithi kwa babu yake, askari aliyeletwa na Waingereza kutoka Sudani. Ilikuwa na kibali, na tangu nizaliwe haikuwahi kuua hata kanga. Baba aliifungua, akaisafisha, akakipaka kitako chake cha mbao mafuta kwa kiganja, akaifunga tena. Mama alisema bunduki ile inaogeshwa kuliko watoto.

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Meno ya jiliwa, kile chuma cha kubania kazi, aliyavisha ngozi ya viatu vikuukuu ili yasiume mbao. Mezani alitandaza shuka jeupe, springi ndogo ikiruka ionekane ilipoangukia. Bisibisi alizichonga mwenyewe kwa tupa, kila moja mpaka ijae sawasawa kwenye mfuo wa skurubu yake, kwa sababu bisibisi inayocheza hula kichwa cha skurubu, na kwa baba skurubu yenye mkwaruzo ilikuwa aibu kama kutoka nje bila suruali. Nilipofikia umri wa kuaminiwa alinifundisha kukandamiza kwanza, kuzungusha baadaye. Askari wengi waliishi mtaani kwetu na walijua ufundi wake, lakini aliwakatalia wote kwa upole. “Bunduki ya serikali haiingii humu,” alisema, kisha akawaagizia chai.

Juma alikuwa kijana wa nyumba ya pili, na alikuja Ijumaa na bunduki yake ya kambini begani, mama akiwa sokoni.

“Wewe kijana, mzee iko?”

“Yuko msikitini.”

“Basi mimi nimekufa. Kesho iko ukaguzi, na hii skurubu ya kitako inatoka-toka tu. Afande atanichapa mbele ya watu.” Alinitazama kutoka juu hadi chini, akacheka. “Ama na wewe ni fundi? Ama unafagianga tu?”

Neno hilo la kufagia ndilo lililoniingia. Nilitandaza shuka, nikachagua bisibisi, nikakandamiza, nikazungusha. Juma alipoona kichwa cha skurubu kinang’aa kama kipya aliniita Bwana Fundi, nami nikatembea siku nzima nimevimba kifua.

Wiki haikuisha kabla gari la jeshi halijasimama mlangoni. Kapteni alishuka na bunduki ya Juma mkononi, Juma mwenyewe nyuma yake akitazama chini. “Skurubu zote kambini zimeliwa,” kapteni alisema, “hii moja tu ni safi. Nani amekaza?” Baba aliiangalia, kisha akaniangalia mimi. Alijua. “Ni mimi, afande,” alijibu. Alipokuwa akichukua kofia yake aliniinamia sikioni.

“Ulitumia ile ya mpini mweusi?”

“Ndiyo, Baba.”

“Vizuri. Ile nyingine ingeikwaruza.”

Tangu siku hiyo gari lilimchukua kila asubuhi kwenda kutengeneza bunduki za kambi. Hakuulizwa kama anataka. Jumapili alilala tu, na bunduki ya babu yake ikaanza kushika kutu. Majirani waliokuwa wakimtania wakawa wanamsalimu haraka-haraka na kupita. Serikali ilipoanguka, mtaa ulikumbuka jambo moja: mtu huyu alifuatwa na gari la jeshi. Kwa kuhofia kisasi alikimbilia kaskazini pamoja na wengine wa asili yetu ya Sudani, akavuka mpaka.

Siku hizi bodaboda husimama pale pale liliposimama gari lile. Mjukuu wangu wa Ntinda ana bisibisi ya mpini mmoja na vichwa vingi vya kubadilisha, na simu ndiyo humfundisha kila kitu. Sina ugomvi na simu yake. Ila hakuna anayemwinamia kumuuliza ametumia kipi.

Baba hakurudi. Alifia ugenini Sudani, akiitwa mtu wa jeshi ambalo hakulipenda kamwe, na kaburi lake sijaliona. Nilitaka koplo aniite fundi. Nikampoteza baba yangu.