Kompyuta Iliyokufa Ilivyoijibu Skripti Yangu

Wadau, mimi nimewahi kujibiwa na kompyuta iliyokufa. Mchana kweupe.

Ofisini tuna kompyuta arobaini na mafundi wawili: mimi, fundi mkuu, na Mama Pacha, aliyekuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa kuweka toleo la tano la programu ya stoo kwenye mashine zote.

"Hakikisha amemaliza," bosi akaniambia. "Saa nne nasaini mkataba wake, au namtimua."

Mtu wa kawaida angezunguka meza kwa meza. Mimi mjanja bwana! Nikaandika skripti, yaani kiprogramu cha mistari tisa: ipitie kila kompyuta, isome namba ya toleo ndani ya faili la programu, iniletee orodha. Mimi huku nashushia chai.

Orodha ikaja. Toleo la tatu. La tatu. La tatu. Zote arobaini za kizamani!

Damu ikanichemka. Nikaituma kwa bosi fasta, nikamvaa Mama Pacha.

"Hujagusa hata moja!"

"Mwanangu, nimezunguka mpaka miguu imevimba."

"Skripti haidanganyi!"

Akachukua orodha, akaishusha kwa kidole taratibu. Kidole kikasimama.

"Hii namba kumi na saba nayo imejibu?"

"Imejibu. La tatu."

"Si ndiyo ile inayozuia mlango wa choo?"

Tukageuka. Ilikuwa pale chini, haina diski, haina hata waya. Ofisi nzima imetega masikio.

Nikaifungua skripti, jasho likinitoka. Loo! Majina ya kompyuta yalikuwa yanabadilika, lakini faili nililoiambia isome lilikuwa la mashine yangu. Imelisoma hilo hilo mara arobaini.

"Yako nilikuja mara tatu kuiwekea," Mama Pacha akasema kwa upole. "Ukasema mashine ya fundi mkuu haiguswi."

Saa nne kasoro dakika mbili. Nilikimbia hadi kiatu kimoja kikabaki kwenye korido.

Bosi alishashika kalamu kuandika barua ya kumtimua. Nikakiri kila kitu, nikihema. Alicheka mpaka miwani ikadondoka, kisha akausaini mkataba.

"Kuanzia leo," akaniambia, "skripti zako zote anakagua Mama Pacha."

Jamani, kabla hujamfokea mwenzako, hakikisha unasoma faili lake, siyo lako. Mimi ile namba kumi na saba, kila nikienda chooni, naiamkia.