Mnyoa Ngamia na Sikio la Barfi

Jindwada alikuwa mnyoa ngamia kabla hajawa mnyoa mbwa, na kosa lake lote lilianzia hapo.

Kwao Cholistan, jangwani huko Pakistan, baridi ikiisha ngamia hunyolewa mpaka ngozi ibaki tupu, kisha hupakwa mafuta ya haradali kuanzia shingoni hadi mkiani. Mafuta yanaua upele, na ngozi ya ngamia, nyeusi na nene kama soli ya kiatu, inayanywa na kutaka mengine. Babu yake alifanya hivyo, baba yake pia. Malori yalipowapokonya ngamia kazi, Jindwada alitia mikasi yake guniani akaingia mjini Bahawalpur, akagundua jambo ambalo wenzake waliona haya hata kulifikiria: matajiri wana mbwa, mbwa wana manyoya, na mwezi wa Mei mtu akimtazama mbwa mwenye manyoya, anayesikia joto ni yeye mtu.

"Tumnyoe apumue," ndiyo maneno aliyokuwa akiyauza. Hakuhitaji mengine. Imamu wa mtaa alimtania kwamba kwa kuosha mikono mara saba kila mbwa, atamaliza maji ya mji mzima. "Ndiyo maana mimi ni msafi kuliko waumini wako wote," akajibu, na imamu mwenyewe akacheka. Baada ya miaka minane hakuwa na mshindani, isipokuwa mpwa wake Mumtaz, ambaye Jindwada mwenyewe alimfundisha kunyoa na kupaka, akamfungulia kibanda karibu na stendi.

Jumanne moja alifika kwa Mwalimu Farkhanda, mkuu wa shule mstaafu. Huyu mama ndiye aliyemsifia mpaka nusu ya mtaa ikamfungulia mageti. Mbwa wake, Barfi, alikuwa mweupe kama ile peremende ya maziwa aliyopewa jina lake, pua ya waridi, tumbo la waridi. Hiki kilikuwa kiangazi chake cha tatu mikononi mwa Jindwada.

Alimlaza kwenye kitanda cha kamba, chupa ya mafuta kando, akaanza na kichwa. Kidole kikakwama kwenye ncha ya sikio. Kigaga, si kikubwa, kama ganda la mpunga.

"Mwalimu, hiki kina muda gani?"

"Kunguru alimdonoa. Mwezi wa pili, labda wa tatu."

"Hakijapona mpaka leo?"

"Kinapona, kinarudi. Wewe umekuja kunyoa au kuhoji? Niliacha kufundisha ili nisiulizwe maswali."

Jindwada alikibandua kidogo kwa ukucha. Chini yake pakatoka damu, na pembeni nyama ilikuwa imeinuka, ngumu, kama ukingo wa kisahani. Akakirudisha taratibu.

Alikuwa amewahi kukigusa kigaga kama hicho. Kaka yake, Budha, alizaliwa na ualbino. Watoto wa kijiji walimwita Mzungu, wakimkimbilia nyuma: "Mzungu, kofia umeisahau London?" Naye alicheka nao, akachunga mbuzi kichwa wazi. Kilianzia kwenye sikio. Akasema ni mbu. Ngano ilivunwa mara mbili tu, na Jindwada ndiye aliyeuosha mwili wake, na upande ule wa uso hakuutazama.

Sasa akamgeuza Barfi chali. Tumboni, pale alipokuwa akipitisha wembe na mafuta kila Mei, ngozi ilikuwa na madoa mekundu, kavu, imekakamaa kama karatasi iliyolowa ikakauka. Miaka mitatu alikuwa akimvua nguo aliyoumbwa nayo, akampaka mafuta kama samaki wa kukaangwa, akamwacha alale kwenye sakafu ya saruji juani.

Mtu aliyezoea kupatana bei hapumziki hata pale. Akapima. Akinyamaza, kunguru atabaki na lawama, na mbwa atakufa baada ya mwaka, na hakuna atakayemuuliza mnyoaji. Akisema, Mwalimu ana mdomo unaosikika mitaa minne. Lakini mama huyu si mjinga. Siku daktari atakapomweleza, atakumbuka nani alikiona kigaga kwanza.

Akafunga chupa.

"Leo sinyoi. Nataka tumpeleke kwa daktari wa mifugo, sasa hivi."

"Kwa kidonda cha kunguru?"

"Si kunguru, Mwalimu. Ni jua. Jua na mimi."

Mwalimu Farkhanda aliweka kikombe chini. "Sema vizuri."

Akasema vizuri. Ngamia, mafuta, kaka yake, yote. Mama alisikiliza bila kupepesa, kama anayesubiri mwanafunzi amalize uongo, ila huu haukuwa uongo.

"Kwa hiyo nimekuwa nikikulipa umwanike mbwa wangu."

"Ndiyo."

"Na nikawaita majirani wakulipe uwaanike wa kwao."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mbebe. Mimi nikimbeba nitakupiga naye."

Daktari hakuzunguka. Alikata ncha zote mbili za masikio siku ileile. La pili nalo lilikuwa limeanza. Kisha akapeleka vidole chini ya taya la Barfi, akabonyeza, akabonyeza tena palepale.

"Mrudisheni baada ya wiki tatu."

"Kwa nini tatu?" akauliza Mwalimu.

"Ili tujue kama mmewahi, au saratani imeshaingia kwenye tezi. Mpaka hapo akae ndani mchana, manyoya yaote yote, na asipakwe kitu. Hata ile krimu nyeupe ya jua ya watu, ana ulimi, atailamba, na ina madini yatakayomdhuru."

Nje, gari lake likiwa limepata moto kama tanuri, Mwalimu alimfunika Barfi kwa mtandio wake. Hakumtazama Jindwada.

"Weupe wengine ni wangapi?"

"Kumi na mmoja. Tisa nimeshawanyoa mwezi huu."

"Basi unangoja nini hapa, chai?"

Akaenda geti kwa geti na pikipiki yake. Wa kwanza alidhani anataka kupandisha bei. Wa pili alimwambia mbwa si bibi harusi wa kufichwa jua. Wa tatu alifunga geti. Wanne walimsikiliza, na kati ya hao mmoja aliita mbwa wake ndani hapohapo, akamshika masikio, rangi ikampotea usoni.

Kwa Rana Shaukat, mwenye kiwanda cha matofali, alifika saa sita na nusu mchana. Rana alikuwa barazani, tumbo limetangulia. Mbwa wake, Sikandar, mweupe mpaka kope, alikuwa mmoja wa wale wawili ambao alikuwa bado hajawanyoa.

"Fundi umechelewa! Nimemtuma kwa mpwa wako, ana mashine ya umeme. Wewe endelea na mikasi ya mtume Nuhu."

Jindwada akapiga simu. Mashine ilikuwa ikiunguruma upande wa pili.

"Mumtaz, mbwa wa Rana yuko wapi?"

"Nimemmaliza, mjomba. Nimemng'arisha! Mafuta nimezidisha kidogo, kwa heshima yako."

"Ameondokaje?"

"Nyuma ya pikapu. Kuna nini?"

Pikapu ilikuwa inakata kona. Nyuma, bila turubai, Sikandar alisimama amefungwa mnyororo, mtupu, waridi tupu, aking'aa kama sinia la shaba, ulimi umefika kifuani. Bati la gari lilikuwa la moto, naye alikuwa akibadilisha miguu, huu, ule, huu.

"Mtazame alivyopendeza!" Rana akasema.

"Nipe ndoo ya maji na sabuni, Rana sahib. Na usibishane nami."

"Umeanza kuosha mbwa pia?"

Jindwada alikuwa ameshavua kilemba, anakikunjua chote, anakimbilia gari kumfunika Sikandar.