Shaba Nzito kwa Kilo

Kazi yangu ni kuchora bodi za umeme, zile sahani za kijani unazoziona ukifungua redio. Nachorea Voi, chumba cha nyuma ya duka la mbegu, na ukiwauliza majirani watakwambia mimi ni yule mama wa kutengeneza simu. Asanteni.

Msimu uliopita mama mdogo wangu alilima matikiti Maungu, mahali ambapo hata magugu hufikiria mara mbili kabla ya kuota. Kisima alikuwa nacho, sola na pampu pia. Kilichomshinda ni kile kidude cha kuongoza pampu. Bodi yake ilikuwa na shaba nyembamba, na kila umeme wa pampu ulipopita, njia za shaba ziliungua. Akanunua nyingine, nayo ikaungua. Matikiti yalikuwa yameshaanza kutoa maua, na kila alichokuwa nacho alikuwa amekizika kwenye hilo shamba. Akanipigia simu.

"Mwanangu, haya yakikauka mimi nimekwisha."

Nikachora bodi ya shaba nzito. Ndivyo tunavyoiita sisi tuliosoma, nzito, ingawa maana yake ni nene tu. Kiwandani, tena ng'ambo kwa sababu hapa kwetu hakuna, shaba isiyotakiwa huondolewa kwa dawa inayoila. Sasa dawa ikiila shaba nene kwenda chini, huila na kando pia, kwa hivyo njia lazima ziachiane nafasi. Mchoro wangu wa kwanza walinirudishia kwa adabu nyingi, ile adabu ya kukwambia umefeli. Nikapanua nafasi. Wakaleta bodi tano, maana moja peke yake hawatengenezi. Hata kuisoda, yaani kugandisha vipuri vyake kwa risasi iliyoyeyushwa, ilikuwa vita: shaba nene hunyonya joto lote, ikabidi niipashe bodi kwanza juu ya jiko la stima, kama chapati. Nikaituma Maungu na ujumbe mfupi: "Hii ni shaba nzito, mama mdogo. Haitaungua."

Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi kweli sikumwambia. Mama mdogo aliishika akaiona nyepesi. Akaipeleka buchani ipimwe kwenye mizani ya nyama, na mwenye bucha akatoa hukumu kwamba hata maini ya kuku yanaishinda. Basi ikaamuliwa, bila mimi, kwamba nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Akaitwa fundi wa redio wa pale stendi, akaombwa aiongezee uzito. Fundi naye, kwa bidii ambayo ingetufaa sana tukiipata kwenye ofisi za serikali, akayeyusha risasi ya kusodea akaimwaga juu ya njia zote, na juu ya zile nafasi nilizozipigania. Njia zote zikashikana. Wakawasha. Ikalipuka.

Nilipopigiwa simu nilifika Maungu na matusi yangu nimeyapanga vizuri. Nikamkuta mama mdogo ameinama shambani, anamwagilia shina moja moja kwa kikombe, na majani yamejikunja pande zote. Matusi yakaniishia mdomoni. Nilimhurumia.

Nikarudi Voi, nikasoda bodi ya pili, haina tofauti yoyote na ile ya kwanza. Kisha nikaenda kwa mchomeleaji nikaomba kipande cha chuma kinene, nikakifunga kwa chini kwa skrubu, na karatasi ya kuzuia umeme katikati. Ukiniuliza kile chuma kilikuwa na kazi gani, hakikuwa na kazi. Kilikuwa kizito.

Kidude kizima kikapelekwa Maungu, moja kwa moja buchani, nami nimesimama hapo. Mwenye bucha akatazama mizani, akatazama kidude, akakirudisha kwa mikono miwili. Hakuna aliyetaka fundi tena. Tukafunga, nikawasha, maji yakatoka yakakimbia kwenye mifereji.

Mama mdogo akakaa chini kwenye udongo, akalia. Aliponyamaza akanishika mkono.

"Sasa hii ndiyo shaba," akasema. "Mwanangu, ungeleta hii tangu mwanzo, nusu ya matikiti yangu isingekufa."